DKT. JOHANN LUDWIG KRAPF (1810–1881): MTUMISHI ALIYEFUNGIWA MILANGO

Kila inaposimuliwa habari ya Injili katika mwambao wa Afrika Mashariki, jina la Johann Ludwig Krapf hutajwa mapema, na mara nyingi hutajwa kwa haraka: mmisionari Mjerumani, Mombasa, 1844. Kisha simulizi huwaendea wengine, wale waliojenga makanisa, shule na hospitali. Krapf hakuacha jengo kubwa. Watu aliowabatiza kwa mkono wake katika pwani hii walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Hata mpango aliouchukua moyoni maisha yake yote, wa vituo vya misioni vilivyofungamana kama mnyororo kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki, haukutimia akiwa hai. Pamoja na hayo, Mkristo wa pwani anapofunga safari ya kwenda ibadani na Biblia ya Kiswahili mkononi, amebeba matunda ya kazi iliyoanzwa na mtu huyo wakati ambapo yeye mwenyewe aliiona kuwa maandalizi tu ya kazi nyingine.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, kijiji cha wakulima karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima Walutheri. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi alipigwa vikali na jirani kwa kosa lililofanywa na kijana mwingine, akaugua kwa nusu mwaka. Katika kitanda cha ugonjwa alizoea kusoma Biblia, na alipopata nafuu aliwasimulia wavunaji shambani habari za mababa wa imani. Baadaye dada yake alitumwa mjini Tübingen kununua kalenda, akafika nyumbani kwa mjane wa mchungaji aliyewahi kuhudumu kijijini kwao. Mjane yule aliuliza habari za kijana, akashauri apelekwe shule ya Kilatini. Hivyo pigo lisilo la haki na safari ya kununua kalenda ndivyo vilivyomtoa mtoto wa mkulima katika njia ya jembe.

Shuleni alitazama ramani ya Afrika akaona upande wa Wasomali na Adal ukiwa karibu mtupu, bila majina ya miji. Ile nafasi tupu ilimkaa akilini. Kwanza alitaka kuwa nahodha wa meli ili azione nchi za mbali, lakini gharama za mafunzo ziliwashinda wazazi wake. Ndipo aliposikia shuleni habari za kazi ya misioni zikisomwa, na mwaka 1827 akaingia Chuo cha Misioni cha Basel nchini Uswisi. Hakudumu. Shaka ilimwingia juu ya wito wake, akaondoka mwaka 1829, akasoma theolojia Tübingen na kuwa mchungaji msaidizi. Huko nako alihubiri juu ya mwisho wa dunia kwa namna iliyowaudhi wakuu wake, akajiuzulu. Kwa hesabu ya kawaida, alikuwa kijana aliyeanza mambo mawili matatu na kuyaacha yote njiani.

Ethiopia

Wito ulipomrudia, alijiunga na CMS, shirika la misioni la Kanisa la Uingereza. Miaka ile shirika hilo lilikuwa na fedha kuliko watumishi, nalo liliwachukua vijana wengi wa Kilutheri kutoka Basel. Mwezi Februari 1837 Krapf aliondoka Ulaya kwenda Ethiopia. Alifika Tigray, na mwezi Machi 1838 yeye na wenzake wakafukuzwa. Aliingia Shoa mwaka 1839, akakaribishwa na Mfalme Sahle Selassie, akakaa karibu miaka mitatu. Ni katika Shoa alipowafahamu Waoromo, nao wakawa shauku ya moyo wake. Aliamini kwamba taifa hilo kubwa likiipokea Injili, Afrika yote ya katikati itafikiwa.

Mwaka 1842 alitoka Shoa kwenda kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich. Njiani mtawala mmoja wa Wollo alimkamata na kumpora alivyokuwa navyo. Alifika pwani akiwa karibu mtu wa kuombaomba. Walifunga ndoa nchini Misri, wakajaribu kurudi Ethiopia, wakakuta njia imefungwa. Katika safari ile, jangwani, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Mtoto aliishi muda mfupi tu, wakambatiza kwa jina la Eneba, ambalo kwa Kiamhari maana yake ni chozi.

Mtu mwingine angerudi nyumbani, wala hakuna ambaye angemlaumu. Krapf alitazama tena ramani. Ikiwa Waoromo hawafikiki kutoka kaskazini, basi watafikiwa kutoka kusini, kupitia pwani ya Waswahili. Mwezi Novemba 1843 yeye na mkewe walipanda chombo huko Aden, na tarehe 7 Januari 1844 wakashuka Unguja. Sultani Sayyid Said aliwapokea vizuri na kumpa Krapf barua iliyowaagiza maliwali wake wamtendee mema. Inafaa jambo hili likumbukwe na Wakristo wa mwambao huu: mlango wa kwanza kufunguliwa baada ya milango mingi kufungwa ulifunguliwa na mtawala Mwislamu.

Mombasa, 1844

Mwezi Mei walihamia Mombasa. Krapf alianza kujifunza Kiswahili mara moja, naye akapata msaada ambao hakuutarajia. Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidini, alikubali kuketi naye na kumsaidia katika tafsiri. Tarehe 8 Juni 1844 wakaanza Kitabu cha Mwanzo. Kadhi alijua vizuri kwamba mgeni wake anatafsiri ili aihubiri dini nyingine. Alimsaidia hata hivyo. Ni vigumu kusoma habari hii bila kumheshimu mzee yule.

Mwezi mmoja baadaye homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua binti tarehe 6 Julai akiwa tayari mgonjwa, na Krapf mwenyewe akiwa hajiwezi kwa homa ileile. Tarehe 13 Julai Rosine alifariki. Mumewe alikuwa dhaifu kiasi kwamba kuinuka kitandani kumtazama kulimshinda nguvu. Siku mbili baadaye mtoto naye akafa. Kwa matakwa ya Rosine, walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, mahali ambapo wapita njia wa Mijikenda wangeliona kaburi na kukumbuka kwa nini wageni wale walikuja. Kaburi hilo lipo Nyali hadi leo.

Aliponyanyuka Krapf aliwaandikia viongozi wake London kwamba kaburi lile liwe kwao ishara kwamba pambano limeanza, na kwamba sasa wanaitwa kuiendea Afrika kutokea upande wa mashariki. Barua hiyo imesomwa katika makanisa mengi tangu wakati ule. Kinachosahaulika ni kile kilichofuata barua: karibu miaka miwili ya kukaa peke yake. Hakuwa na mke, hakuwa na mwenzake, hakuwa na hata mwongofu mmoja. Waoromo walikuwa mbali, na afya yake haikumruhusu kwenda. Alilokuwa nalo ni kalamu, karatasi na watu wa mjini waliokuwa tayari kusema naye. Akakusanya maneno. Alikwenda kwa mabaharia, kwa wafanyabiashara na kwa wakulima wa Kimijikenda waliokuja mjini, akauliza jina la kitu na namna ya kulitumia, akaandika. Katika muda huo alitafsiri sehemu kubwa ya Agano Jipya, na sura tatu za kwanza za Mwanzo zikachapishwa Marekani mwaka 1847. Waswahili walikuwa wameandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, nao walikuwa na tenzi na barua zao kabla mzungu yeyote hajafika. Krapf hakuwafundisha kuandika. Alichofanya ni kuiandika lugha hiyo kwa herufi za Kirumi kwa mpango, pamoja na sarufi yake, nao waliokuja baada yake wakaifuata njia hiyo.

Rabai na mnyororo wa vituo

Mwezi Juni 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, Mlutheri wa Württemberg kama yeye. Tarehe 25 Agosti mwaka huohuo, wote wawili wakiwa na homa mwilini, walipanda vilima hadi Rabai wakafungua kituo. Kutoka hapo Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, naye Krapf akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Ukambani. Wataalamu wa jiografia waliokaa London, hasa William Desborough Cooley, waliwacheka: theluji kwenye ikweta haiwezekani. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla ya Baron Karl Klaus von der Decken kuupanda sehemu ya Kilimanjaro na kuthibitisha kwamba wachungaji wale wawili walisema kweli.

Milima iliwapa sifa, lakini haikuwa kazi yao. Kazi ilikwenda polepole mno. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu aliyesikiliza kwa moyo wote na kubatizwa akiwa karibu kufa. Mwenzao Johannes Wagner alifika mwaka 1849, akafa kwa homa baada ya majuma machache. Watu wa Rabai waliona mazishi ya Kikristo kabla ya kuona usharika wa Kikristo.

Hapa ndipo Krapf alipotofautiana na Rebmann, na tofauti hiyo haikuwa ndogo. Rebmann aliona kwamba wakae mahali pamoja, wapande, wangoje. Krapf aliona kwamba wasonge, wapime njia, wachague mahali pa vituo vitakavyofuata. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya ukweli. Rebmann alikaa miaka 29 bila kurudi Ulaya hata mara moja, akapofuka, na alipoondoka mwaka 1875 alifuatana na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai aliyekuwa macho yake safarini. Krapf aliondoka na kurudi, akaondoka tena. Ni rahisi kumsifu aliyekaa kuliko aliyetangatanga, lakini bila yule aliyetangatanga wengi wasingejua pa kwenda.

Safari iliyopita mbele ya pwani yetu

Kwa wenyeji wa Bagamoyo, Kaole na Mlingotini, safari moja ya Krapf ina uzito wa pekee. Mwezi Februari 1850 yeye na Johann Jakob Erhardt walipanda chombo cha tanga kutoka Mombasa kuelekea kusini, wakifuata mwambao hadi Rasi Delgado, mpakani na nchi iliyokuwa chini ya Wareno. Hivyo walipita mbele ya Tanga na Pangani, mbele ya ghuba ya Mlingotini na mikoko yake, wakaendelea hadi Kilwa na Lindi. Pwani waliyoiona haikuwa pwani ya amani. Misafara iliingia bara na nguo na shanga, ikatoka na pembe za ndovu na watu. Kilwa palikuwa soko kuu la watumwa waliotoka upande wa Ziwa Nyasa, na Krapf aliandika aliyoyaona bila kuyafunika.

Alijifunza jambo jingine. Kutoka Mombasa hadi mpaka wa Wareno, lugha aliyokuwa akiikusanya kwa ajili ya kuwafikia Waoromo ilieleweka kila bandari. Wapagazi wa bara waliokuja pwani nao walikuwa wakijifunza lugha hiyo. Chombo alichokitengeneza kwa kazi moja kilikuwa tayari kwa kazi kubwa zaidi. Mwaka huohuo alikwenda Ulaya, na huko Tübingen akachapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili pamoja na orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki.

Erhardt na Rebmann waliendelea kuwauliza wafanyabiashara wa pwani juu ya njia za misafara na maji makubwa ya bara. Kutokana na masimulizi hayo walichora ramani iliyotolewa mwaka 1855, yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ilikuwa na kosa, kwa kuwa iliunganisha maziwa matatu kuwa moja, lakini ndiyo iliyowachochea Wazungu kuja kuhakikisha. Mwezi Juni 1857 Richard Burton na John Speke walianza safari yao ya bara kutoka Kaole. Elimu iliyowaongoza ilikuwa imetoka kwanza katika vinywa vya Waswahili na Wanyamwezi.

Miaka ya mwisho Afrika

Krapf alirudi mwaka 1851 akiwa na matumaini ya kufungua kituo Ukambani. Mwenyeji wake, mzee Kivoi, alivamiwa na kuuawa njiani, na Krapf akabaki peke yake nyikani akiwa na njaa na kiu, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki kwa kukosa chombo. Alitoka hai, ila kituo hakikufunguliwa. Mwaka 1852 alimwendea kwa mara ya pili Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara, ambaye alikuwa amemkaribisha Vuga mwaka 1848 na kuwa radhi kupokea walimu. Walimu hawakupatikana. Mwaka 1853 afya ilimlazimisha kuondoka. Alijaribu kurudi kwa njia ya Ethiopia, akafika Gondar mwaka 1855, akashindwa kuendelea. Alirudi tena Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kufungua kituo cha Ribe, na katika miezi michache akalazimika kuondoka. Mwaka 1867 alifuatana na jeshi la Waingereza lililokwenda Ethiopia, akiwa mkalimani. Akaugua na kurudishwa. Wala hapa hapana budi kusema kwamba mhubiri wa Injili kuongozana na jeshi ni jambo ambalo kizazi cha leo kingelipima kwa mizani nyingine.

Hakuwa mtu asiye na kasoro. Maandishi yake yana maneno makali juu ya desturi za wenyeji, juu ya Uislamu na juu ya Wakatoliki, hata pale alipokuwa amekula chumvi ya hao aliowahukumu. Alikuwa na haraka ya mtu aliyeamini kwamba siku za dunia zinahesabika. Lakini haraka hiyo haikuonekana katika kazi yake ya lugha. Huko Korntal, kijiji cha wacha Mungu karibu na Stuttgart alikohamia, aliketi miaka zaidi ya 20 akipanga upya maneno aliyoyakusanya tangu mwaka 1844, akiongeza mifano, akieleza mila na vyakula, miti na pepo za baharini. Rebmann naye, akiwa kipofu, aliletwa Korntal akaishi karibu naye, akafariki mwezi Oktoba 1876. Mwaka huo ndio Injili ya Luka katika Kiswahili, tafsiri ya Rebmann, ilipochapishwa.

Jioni ya tarehe 26 Novemba 1881 Krapf aliwatakia usiku mwema watu wa nyumbani mwake, akaingia chumbani. Asubuhi walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Alizikwa Korntal, jirani na Rebmann.

Baada yake

Kamusi kubwa ya Kiswahili, kazi ya karibu miaka 40, ilitoka London mwaka 1882, mwandishi wake akiwa kaburini. Ilikuwa kamusi ya Kimvita zaidi kuliko Kiunguja, na Kiunguja kilipochaguliwa baadaye kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, maneno mengi ya Krapf yalibaki pembeni. Watafiti wa lugha wanaendelea kuirejea, kwa kuwa imehifadhi maneno na maana ambazo wazee wa pwani wenyewe wameanza kuzisahau.

Ule mnyororo nao ulianza kuungwa, kipande kwa kipande, na mikono ambayo Krapf hakuijua. Mwaka 1886 Walutheri wa Bavaria, wakiwa wamevutwa na maandishi yake, walituma watu Ukambani. Kazi hiyo ilichukuliwa na Misioni ya Leipzig, iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893. Misioni iliyoanzishwa Berlin mwaka 1886 ilifungua kituo Mlalo, Usambara, mwaka 1891, zaidi ya miaka 40 baada ya Krapf kukaribishwa huko. Na mwezi Julai 1887, mmisionari wa kwanza wa misioni hiyohiyo, Johann Jakob Greiner, alishuka Dar es Salaam pamoja na mkewe. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Ethiopia, miongoni mwa Waoromo. Lugha aliyopaswa kuhubiri kwayo katika pwani hii ilikuwa imekwisha kuandikiwa kamusi.